4294967297: namba inayodanganya upande wa 2 peke yake

#1 BakiSifuri

Wakuu, uzi huu ni wa namba moja tu: 4294967297.

Ni 2^32 + 1. Kwenye orodha ya namba za Fermat (namba za umbo 2^(2^m) + 1, zenye jina la mwanahisabati Fermat) inaitwa F5, yaani m = 5. Orodha inaanza F0 = 3, F1 = 5, F2 = 17, F3 = 257, F4 = 65537, kisha inakuja hii. Tano za mwanzo zote ni tasa (hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe), na mwaka 1640 Fermat aliandika kwenye barua kwamba anaamini zinazofuata nazo ni tasa. Uthibitisho hakuwa nao. Mwaka 1732 Euler akaiondoa F5 kwenye orodha:

4294967297 = 641 × 6700417

Hadi hapo wengi wanajua. Ninachotaka tukiweke hapa ni hesabu yenyewe. Mtu anafikaje kwenye 641 bila kubahatisha? 6700417 tunajuaje kuwa haigawanyiki tena? Na kwa nini programu za kupima tasa zikianzia na 2 zinaipitisha namba hii bila kusita? Atakayechangia aweke tarakimu, asituambie "inajulikana kwamba".

#2 Mzidishaji

Naanza na kuhakiki 641, maana hapa wengi wanajisumbua bure. Usiigawe namba yenye tarakimu 10 kwenye kikokotoo cha tarakimu 8, kitaikata mkia na utapata baki ya uongo. Piga vipeo vya pili, na kila hatua chukua baki ya 641:

2^8 = 256
2^16 = 256 × 256 = 65536. Toa 641 × 102 = 65382, inabaki 154.
2^32 = 154 × 154 = 23716. Lakini 641 × 37 = 23717.

Imepungua 1 tu kufika kwenye 641 × 37. Kwa hiyo baki ya 2^32 ni −1, ukiongeza 1 unapata 0. Kwisha. Hakuna mahali ulipogusa namba kubwa kuliko 65536.

#3 Mwalimu wa Baki

Nyongeza ya #2, kuna njia isiyohitaji kugawa hata mara moja. 641 inaandikika kwa namna mbili:

641 = 5 × 2^7 + 1
641 = 5^4 + 2^4, yaani 625 + 16

Ya kwanza inasema 5 × 2^7 ina baki −1. Ipandishe kipeo cha 4: 5^4 × 2^28 ina baki 1. Ya pili inasema 5^4 ina baki sawa na −2^4. Badilisha: −2^4 × 2^28 = −2^32, nayo ina baki 1. Basi 2^32 ina baki −1. Jibu lile lile.

Ila tusidanganyane, hii ni njia ya kuthibitisha mtu akishaijua 641. Haikupeleki kwenye 641.

#4 NambaTasa_641

Sasa swali la kwanza la mleta uzi: kufika kwenye 641.

Ukigawa kwa tasa moja moja kuanzia 2, 641 ni tasa ya 116. Inafanyika, lakini ni kazi ya kuchosha. Angalia badala yake kigawo chochote cha F5 lazima kiweje.

Chukua p, tasa inayogawa 2^32 + 1. Kwa baki za p, 2^32 ni −1, kwa hiyo 2^64 ni 1. Kipeo kidogo kabisa cha 2 kinachorudisha baki 1 lazima kigawe 64, na hakigawi 32 kwa kuwa kwenye 32 tulipata −1. Kwa hiyo ni 64 kamili. Kipeo hicho daima hugawa p − 1. Basi p = 64k + 1. Hii ni kanuni ya Euler.

Orodha inakuwa 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ukiondoa zisizo tasa unabaki na 193, 257, 449, 577, 641. Umegawa mara tano, umefika.

Mwaka 1878 Lucas akaibana zaidi. Kwa kuwa p ikigawanywa kwa 8 inabaki 1, 2 ni kipeo cha pili cha baki fulani, tuiite c. Basi c^64 = 2^32, yaani −1, na kipeo kidogo kinachorudisha c kwenye 1 ni 128. Kwa hiyo p = 128k + 1. Orodha: 129, 257, 385, 513, 641. Tasa ni 257 na 641 tu, na 257 huhitaji hata kuijaribu.

Tahadhari: kanuni hii ni ya vigawo vya F5 pekee. Ukiitumia kwenye namba jirani, mfano 4294967299, utaruka vigawo na kutangaza tasa isiyokuwepo.

#5 Udadisi

Mkuu, hiyo 257 mbona umeiruka? Ni tasa na ina umbo la 128k + 1 (k = 2).

#6 NambaTasa_641

Kwa sababu 257 ni F3, na namba mbili za Fermat hazina kigawo cha pamoja. Zidisha zote zilizotangulia:

3 × 5 × 17 × 257 × 65537 = 4294967295 = F5 − 2

Kigawo kingekuwa cha pamoja, kingegawa pia tofauti yao, ambayo ni 2. Zote ni witiri, kwa hiyo hakipo. Ukitaka kwa baki: 2^8 = 256, ni −1 kwa 257, hivyo 2^32 ni 1, na 2^32 + 1 inabaki 2.

Pembeni kidogo: hiyo 4294967295 ina heshima yake. Umbo lenye pande sawa na pembe sawa 4294967295 linachoreka kwa rula na bikari, angalau kwa nadharia, kwa kuwa ni zao la tasa tofauti za Fermat. Gauss ndiye aliyefungua njia hiyo, na Wantzel akakamilisha upande wa pili mwaka 1837. Umbo la pande 4294967297, ambalo limezidi pande mbili tu, halichoreki.

#7 Mzidishaji

Swali la pili: 6700417. Hapa kanuni ya Lucas inalipa kuliko mahali pengine popote, na watu wanaisahau wakishaipata 641. Kigawo chochote cha 6700417 ni kigawo cha F5 pia, hivyo nacho ni 128k + 1. Kipeuo cha pili cha 6700417 ni 2588 na kitu. Kwa hiyo tunatafuta tasa za umbo 128k + 1 zisizozidi 2588. Ziko tano tu:

257: 257 × 26071 = 6700247, baki 170
641: 641 × 10453 = 6700373, baki 44
769: 769 × 8713 = 6700297, baki 120
1153: 1153 × 5811 = 6700083, baki 334
1409: 1409 × 4755 = 6699795, baki 622

Hakuna iliyotoa 0, basi 6700417 ni tasa. Nyingine za umbo hilo (897, 1025, 1537, 1793, 1921, 2177, 2561 na kadhalika) zina vigawo vidogo, hazina haja ya kujaribiwa. Wanaokosea hapa hukosea kwenye 1537 na 1793, wakizidhani tasa. 1537 = 29 × 53, na 1793 = 11 × 163. Kuzigawa hakuharibu jibu, kunaongeza kazi tu. Kosa lenye madhara ni kuiruka 1409 kwa kuidhani si tasa.

#8 Udadisi

Safi sana. Sasa hilo la programu. Kipimo cha Fermat kwa kianzio 2 kinasema: kama n ni tasa, 2^(n−1) ina baki 1. Nimekipiga kwa n = 4294967297 kwenye programu inayotumia namba za biti 64 zisizo na alama ya hasi. Imetoa 0. Mleta uzi anasema namba hii inapita kwa 2, mbona kwangu imeanguka?

#9 Biti33

Haikuanguka, ilifurika. Fuatilia hatua. n − 1 ni 2^32, kwa hiyo kupiga kipimo ni kuanza na 2 na kukizidisha kwa chenyewe mara 32, kila mara ukichukua baki:

2, 4, 16, 256, 65536, 4294967296, ...

Hapo kwenye hatua ya tano una 4294967296, ambayo ni n − 1, yaani −1. Hatua ya sita ni kuizidisha kwa yenyewe: 2^64. Biti 64 zinaishia 18446744073709551615, ambayo ni 2^64 − 1. Imezidi kwa 1. Mashine inatupa biti ya juu, inabaki 0. Jibu sahihi lilikuwa (−1) × (−1) = 1, na kuanzia hapo ingebaki 1 hadi mwisho.

Ajabu yake ni kwamba kwa biti 64 zisizo na hasi hiyo ndiyo hali pekee inayofurika kwa namba hii. Baki kubwa kabisa ni 2^32. Ukiizidisha kwa baki yoyote nyingine, zao halizidi 2^64 − 2^32, linaingia. Ni 2^32 mara 2^32 tu inayogoma, na kianzio 2 kinakupeleka pale pale. Programu yako imesema "si tasa", na kweli si tasa, lakini kwa sababu ya uongo. Ukiipa tasa inayogusa hali hiyo hiyo itaikataa nayo.

Aina nyingine za namba:

Biti 32: 4294967297 yenyewe haiingii, inahifadhiwa kama 1. Baki ya kitu chochote kwa 1 ni 0, kwa hiyo kila kipimo kinatoa 0.

Biti 64 zenye hasi: hapa hali ni mbaya zaidi, maana baki yoyote kuanzia 3037000500 ikizidishwa kwa yenyewe inafurika. Utapata takataka zisizo na mpangilio.

Namba za desimali (floating point) za biti 64: n inaingia vizuri, lakini mazao yakizidi 2^53 yanaanza kupoteza tarakimu za mwisho kimyakimya. Hii ndiyo ya hatari kuliko zote kwa sababu hutapata 0 ya kukushtua.

Dawa ni aina ya biti 128, au lugha yenye namba nzima zisizo na ukomo kama Python. Dawa nyingine ni ya namba hii peke yake na ni ya haraka mno: kwa kuwa 2^32 ni −1, gawa zao kwenye nusu ya juu J na nusu ya chini C za biti 32, kisha jibu ni C − J. Likitoka hasi, ongeza n. Ile hali moja inayofurika irudishe 1 moja kwa moja kabla ya kuzidisha.

#10 Mwalimu wa Baki

Naomba nionyeshe hiyo dawa ya #9 kwa mfano, na hapo hapo nijibu kwa nini kianzio 3 hakidanganyiki.

Mwaka 1877 Pépin alitoa kipimo cha namba za Fermat: chukua 3, kizidishe kwa chenyewe mara 31 kwa baki za F5. Ikitoka −1 (4294967296), ni tasa. Ikitoka kingine chochote, si tasa.

3, 9, 81, 6561, 43046721. Hadi hapo bado ni ndogo kuliko n. Hatua ya tano:

43046721 × 43046721 = 1853020188851841
J = 431439
C = 3793632897
C − J = 3793201458

Hiyo ndiyo baki ya 3^32. Unaendelea hivyo hivyo. Hatua ya 31 inatoa 10324303. Si 4294967296, basi F5 si tasa. Hatua moja mbele, ya 32, ni kipimo cha kawaida cha Fermat kwa kianzio 3, nayo inatoa 3029026160 badala ya 1.

Ukitaka kujua kama programu yako iko sawa, linganisha hizo tatu: 3793201458, 10324303, 3029026160. Uhakiki mwingine wa haraka ni kuchukua baki za 641: zitoke 628, 357 na 531.

Na niseme wazi, nadharia inayotumika kwenye hatua ya 32 ni ya Fermat mwenyewe, na aliiandika mwaka huo huo wa 1640. Mazao 32 ya tarakimu kumi kumi ni kazi nzito kwa kalamu, ila haishindikani.

#11 NambaTasa_641

Kuhusu udanganyifu wa 2, wengine wanachukulia kwamba namba hii "inadanganya vipimo" kwa jumla. Siyo. Inadanganya upande mmoja.

Sababu tumeshaiona: kipeo kinachorudisha 2 kwenye 1 ni 64, kwa 641 na kwa 6700417 vilevile. Na n − 1 = 2^32 inagawanyika kwa 64. Basi 2 inapita, 4 inapita, 8 inapita, vipeo vyote vya 2 vinapita. Hata kipimo cha Miller na Rabin, ambacho ni kikali zaidi, kinapitwa, kwa kuwa mlolongo wa 2 unagusa −1 kabla ya 1 kama ambavyo tasa halisi ingefanya.

Lakini hesabu wanaopita wote. 641 − 1 = 2^7 × 5. 6700417 − 1 = 2^7 × 3 × 17449. Kigawo kikubwa cha shirika cha 2^32 na kila moja ni 128. Vianzio vinavyopita kipimo cha Fermat ni 128 × 128 = 16384, kimoja katika kila 262144. Kwa Miller na Rabin vinashuka hadi 5462. Chagua kianzio bila mpangilio na karibu hakika utaikamata. Tatizo ni mazoea ya watu kuanza na 2 na kuishia hapo.

Ugonjwa huo huo unaiua njia ya Pollard ya p − 1, ambayo hutafuta vigawo kwa kupandisha kianzio kipeo kikubwa, kutoa 1, kisha kuchukua kigawo kikubwa cha shirika na n. Ukianza na 2, kigawo kikubwa cha shirika cha 2^64 − 1 na n kinatoka n nzima, kwa sababu vigawo vyote viwili vinanaswa kwa pamoja. Programu inasema "imeshindwa". Anza na 3: kigawo kikubwa cha shirika cha 3^640 − 1 na n ni 641 peke yake.

#12 PembeTatu

Hamjagusa upande wa jumla ya vipeo vya pili, na kwangu ndio mzuri kuliko yote. Tasa inayobaki 1 ikigawanywa kwa 4 huandikika kama jumla ya vipeo viwili vya pili kwa namna moja tu. F5 ina mbili:

65536² + 1² = 4294967297
62264² + 20449² = 3876805696 + 418161601 = 4294967297

Hiyo peke yake inatosha kusema si tasa, na inatoa vigawo pia. Chukua tofauti: 65536 − 62264 = 3272, na 20449 − 1 = 20448. Kigawo chao kikubwa cha shirika ni 8. Chukua jumla: 65536 + 62264 = 127800, na 20449 + 1 = 20450. Chao ni 50. Gawa kila kimoja kwa 2: 4 na 25.

4² + 25² = 641

Na 3272 ÷ 8 = 409, 20448 ÷ 8 = 2556:

409² + 2556² = 167281 + 6533136 = 6700417

Rudi nyuma uone zinavyoungana: 25 × 2556 = 63900 na 4 × 409 = 1636. Jumla yao 65536, tofauti yao 62264. Kisha 25 × 409 = 10225 na 4 × 2556 = 10224. Tofauti yao 1, jumla yao 20449. Ile 1 ya "2^32 + 1" ndiyo 10225 − 10224.

(20449 yenyewe ni 143². Sijui kama ina maana yoyote, naitaja tu.)

#13 Udadisi

Je, njia ya Fermat ya tofauti ya vipeo vya pili, yaani kuandika n = a² − b² ili vigawo viwe a − b na a + b? Si ndiyo yake mwenyewe?

#14 PembeTatu

Kwa namba hii ni balaa. Njia hiyo inaanzia kwenye kipeuo cha pili na kupanda hadi nusu ya jumla ya vigawo. Hapa inaanzia 65537, na nusu ya jumla ni (641 + 6700417) ÷ 2 = 3350529. Majaribio 3284993. Inafaa vigawo vikiwa karibu karibu, na hivi vimeachana mno.

#15 BakiSifuri

Nakusanya tabia zilizobaki, ili anayetafuta asisumbuke:

Vigawo: 1, 641, 6700417, 4294967297. Jumla yao 4301668356.
Jumla bila yenyewe: 6701059, ndogo mno kuliko namba.
Namba zisizozidi n zisizo na kigawo cha pamoja nayo: 640 × 6700416 = 4288266240.
Kipeo kidogo kinachorudisha kila baki ya namna hiyo kwenye 1: 33502080.
Kwa biti: 1, sufuri 31, kisha 1.

Swali la mwisho kwangu: F6 je, njia ya Lucas inafika?

#16 Biti33

Inafika, lakini panua hatua: kwa F6 = 2^64 + 1 vigawo ni 256k + 1. Kidogo kabisa ni k = 1071, yaani 274177. Landry aliigawa mwaka 1880: 274177 × 67280421310721. F6 yenyewe haiingii kwenye biti 64, kwa hiyo usijaribu kuihifadhi. Hifadhi p tu, na upige vipeo vya pili vya 2 kwa baki za p, mara sita:

2, 4, 16, 256, 65536
65536 × 65536, baki 258768, ambayo ni −15409
15409 × 15409 = 237437281, na 274177 × 866 = 237437282

Imepungua 1 tena.